Tarehe ya Mwisho ya Mkataba: Wafanyakazi wa Viwanjani wa Qantas na Uhamishaji wa Kazi kwa Wakandarasi, 2020–2025

Utangulizi

Tarehe 30 Novemba 2020, shirika la ndege la Qantas la Australia lilitangaza kwamba kazi za kuhudumia ndege zikiwa ardhini, zikiwamo kupakia na kupakua mizigo, katika viwanja 10 vya nchi hiyo zingehamishiwa kwa makampuni ya wakandarasi. Wafanyakazi 1,820 walipoteza ajira. Mwezi mmoja kamili baadaye, tarehe 31 Desemba 2020, ulifikia kikomo mmoja wa mikataba ya pamoja iliyolinda mishahara na masharti yao ya kazi. Insha hii inachunguza uhusiano uliopo baina ya tarehe hizo mbili. Hoja yake ni kwamba kilichoshindaniwa katika mgogoro huu hakikuwa gharama za kazi peke yake, bali pia wakati: yaani kile kipindi kifupi ambacho sheria humruhusu mfanyakazi kugoma. Kwa sababu hiyo, hata ushindi mkubwa wa wafanyakazi mahakamani ulipimwa kwa kipimo cha wakati, na haukuwarudishia kazi zao.

Mkataba wa pamoja na haki ya kugoma nchini Australia

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, migogoro ya kazi Australia iliamuliwa na vyombo vya usuluhishi vya lazima, ambavyo msingi wake ni sheria ya mwaka 1904. Chama cha wafanyakazi kilipeleka madai yake mbele ya chombo hicho, nacho kikatoa tuzo iliyowafunga waajiri wa sekta nzima. Katika miaka ya 1990 mfumo huo ulilegezwa, na majadiliano yakahamia katika ngazi ya kila mwajiri na wafanyakazi wake. Matokeo ya majadiliano hayo ni mkataba unaofanana na ule ambao Tanzania huitwa mkataba wa hali bora.

Mageuzi haya yalileta haki mpya pamoja na mpaka wake. Chini ya sheria ya kazi ya mwaka 2009, ambayo ndiyo iliyotumika katika shauri hili, wafanyakazi hawaruhusiwi kugoma kabla ya muda uliotajwa katika mkataba wao kwisha. Muda huo ukisha kupita, masharti ya mkataba huendelea kutumika, lakini wafanyakazi huweza kupiga kura, kutoa taarifa na kugoma kwa kinga ya sheria. Kwa mwajiri, siku za mkataba ni siku za utulivu. Kwa wafanyakazi, mwisho wa mkataba ndio mlango wa majadiliano yenye nguvu, kwa sababu ombi la nyongeza lisiloweza kufuatwa na mgomo ni rahisi kukataliwa.

Katika usafiri wa anga nguvu hiyo ni kubwa kuliko idadi ya wenye kuishika. Ndege isiyopakiwa mizigo haiondoki kwa wakati, na ndege moja iliyochelewa Sydney huchelewesha nyingine Melbourne na Brisbane siku hiyohiyo. Wapakiaji hawana mishahara ya marubani, lakini wanayo nafasi katika mnyororo wa kazi ambayo haiwezi kurukwa.

Kutoka shirika la umma hadi kampuni ya wanahisa

Qantas ilianzishwa Queensland mwaka 1920, ikachukuliwa na serikali mwaka 1947, kisha ikabinafsishwa katika miaka ya 1990. Baada ya ubinafsishaji, uongozi wake ulitafuta njia mbalimbali za kupunguza gharama za kazi. Njia mojawapo ilikuwa kuunda kampuni tanzu ya huduma za ardhini. Hivyo watu wawili waliweza kufanya kazi ileile katika kiwanja kimoja wakiwa chini ya mikataba tofauti. Utaratibu huo ulikuwa hatua ya kati: kazi ilibaki ndani ya familia ya kampuni, lakini mshikamano wa wafanyakazi ulikwisha kugawanywa.

Uhusiano wa shirika na vyama ulidhihirika zaidi tarehe 29 Oktoba 2011. Katikati ya mgogoro na vyama vitatu, kikiwamo chama cha wafanyakazi wa uchukuzi kijulikanacho kwa kifupi kama TWU, uongozi ulisimamisha safari zote za ndege za Qantas duniani na kutangaza kuwafungia nje wafanyakazi. Chombo cha serikali cha mahusiano ya kazi kiliingilia kati na kukomesha hatua za pande zote mbili. Pande zote ziliondoka na somo. Wafanyakazi waliona jinsi mwajiri alivyo tayari kubeba hasara kubwa ili kuvunja mgomo. Mwajiri naye aliona gharama ya kungoja hadi mgomo uanze.

Janga na nafasi iliyojitokeza

Mwezi Machi 2020, mipaka ilipofungwa kwa sababu ya UVIKO-19, Qantas iliwasimamisha kazi kwa muda wafanyakazi wapatao 20,000. Mwezi Agosti lilitangaza pendekezo la kuhamisha huduma za ardhini. Wafanyakazi walipewa fursa ya kuwasilisha zabuni yao wenyewe ili kushindana na wakandarasi, na chama chao kikaiandaa. Zabuni hiyo ilikataliwa.

Sababu zilizotolewa na shirika zilikuwa za kibiashara: kuokoa takriban dola milioni 100 za Australia kila mwaka, kuepuka gharama za kununua vifaa vipya, na kulipia huduma kulingana na idadi ya safari. Sababu hizo hazikuwa za kubuni. Lakini hazielezi peke yake kwa nini uamuzi ulifanywa wakati ule. Kwanza, ndege nyingi zilikuwa zimeegeshwa, kwa hiyo mabadiliko yasingewasumbua abiria. Pili, mmoja wa mikataba miwili iliyohusika haukuwa umekwisha muda wake, na kwa wafanyakazi waliokuwa chini ya mkataba mwingine, hatua za kisheria za kuelekea mgomo hazikuwa zimekamilishwa. Mwishoni mwa mwaka 2020 hapakuwa na mfanyakazi wa kundi hilo aliyeweza kugoma kihalali. Mwaka 2021 wangeweza.

Mashauri ya mahakamani

TWU ilifungua shauri katika Mahakama ya Shirikisho. Sheria ya 2009 inamkataza mwajiri kumdhuru mfanyakazi ili kumzuia kutumia haki yake ya kazini, na inaweka mzigo wa ushahidi juu ya mwajiri: ni yeye anayepaswa kuthibitisha kwamba sababu iliyokatazwa haikuwamo miongoni mwa sababu zilizomsukuma. Tarehe 30 Julai 2021 Jaji Michael Lee alikubali kwamba sababu za kibiashara zilikuwapo. Hata hivyo, hakuridhika kwamba nia ya kuzuia mgomo na majadiliano ya mwaka 2021 haikuwa sehemu ya uamuzi. Qantas ilishindwa kuutua mzigo iliotwikwa na sheria.

Shirika lilikata rufaa na kushindwa mwaka 2022. Likaenda katika Mahakama ya Juu, ambayo ndiyo ya mwisho nchini humo, likiwa na hoja inayogusa moyo wa insha hii: kwamba haki ya kugoma haikuwapo siku ya uamuzi, na haki isiyokuwapo haiwezi kuzuiwa. Tarehe 13 Septemba 2023 majaji wote waliikataa hoja hiyo. Walieleza kwamba kumzuia mtu asitumie haki yake kunajumuisha kumzuia asiifikie haki itakayomjia baadaye. Laiti hoja ya Qantas ingekubaliwa, kila mwajiri angeweza kuwaondoa wafanyakazi wake siku moja kabla ya mkataba kwisha bila kuvunja sheria.

Ushindi bila kazi

Wafanyakazi hawakurejeshwa kazini. Mwezi Desemba 2021 Jaji Lee alikataa ombi hilo kwa kuwa huduma zilikwisha kuhamishwa na mazingira ya biashara yalikuwa yamebadilika. Ilibaki fidia, na hapo wakati ukawa tena ndio mizani. Mwezi Oktoba 2024 jaji aliona kwamba, hata bila kosa lile, Qantas ingeweza kuzihamisha kazi hizo kihalali mwaka mmoja baadaye. Kwa hiyo hasara ya mishahara ilihesabiwa kwa miezi 12, hata kwa mtu aliyekuwa ametumikia shirika kwa miongo. Mwezi Desemba mwaka huohuo pande mbili zilikubaliana fidia ya dola milioni 120 za Australia. Tarehe 18 Agosti 2025 iliongezwa faini ya dola milioni 90, ambayo ni kubwa kuliko zote zilizowahi kutozwa kwa kuvunja sheria za kazi nchini humo. Milioni 50 kati ya hizo zililipwa kwa chama kilichoendesha shauri.

Fedha hizo si haba. Lakini sheria ilikataza nia, si tendo. Uhamishaji wenyewe wa kazi haukukatazwa. Kilichokatazwa ni kuufanya ili kuukwepa mgomo. Mwajiri atakayeweka kumbukumbu zake kwa uangalifu zaidi na kuchagua tarehe nyingine anaweza kufika palepale bila faini.

Hitimisho

Shauri hili lina maana kwa msomaji wa Afrika Mashariki. Swissport, mojawapo ya makampuni yaliyopokea kazi za Qantas, inahudumia ndege pia katika kiwanja cha Dar es Salaam, kupitia kampuni ambayo zamani ilijulikana kama DAHACO. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 nayo huwazuia wafanyakazi kugoma juu ya jambo ambalo mkataba wa pamoja unaowafunga umekwisha kulitawala. Hapa pia muda wa mkataba ndio unaogawa siku za kunyamaza na siku za kudai.

Kutokana na historia hii, chama kinachojadili mkataba hakipaswi kuangalia mshahara tu. Kifungu kinachoeleza ni nani ataifanya kazi, na kile kinachotaja tarehe ya mwisho, vina uzito uleule wa kifungu cha nyongeza. Wafanyakazi wa Qantas walikuwa na mkataba mzuri, chama imara na sheria iliyowaunga mkono hadi mahakama ya mwisho. Walichokosa ni kifungu cha kuilinda kazi yenyewe katika mwezi ule mmoja uliobaki.