Nusu Wati ya Uhuru

Juma hili nataka tuzungumze juu ya redio za upepo za mkononi, zile ambazo mtu hubonyeza kitufe akasema, akakiachia akasikiliza. Kwetu tumezizoea mikononi mwa askari na walinzi. Lakini huko Marekani na Ulaya, familia iendayo kutembea milimani hununua jozi dukani kama inunuavyo tochi, wala haiombi leseni kwa mtu. Je, uhuru huo ulipatikanaje?

Mwaka 1958 serikali ya Marekani iliwafungulia raia masafa ya megahezi 27. Leseni ilitakiwa. Mwaka 1973 mafuta yakaadimika, na madereva wa malori wakawa wanaarifiana kwa redio wapi petroli inapatikana na wapi polisi wamejificha. Raia wengine wakaiga. Wengi hawakuijali leseni, na hewani walijiita kwa majina ya kupanga. Mwaka 1983 serikali ikaifuta leseni ile, maana watu walikwisha kuipita.

Hata hivyo, leseni iliondoka, adabu haikuja. Redio zile ziliruhusiwa wati 4, na wakorofi waliongeza nguvu kwa siri. Mwenye nguvu alimfunika mnyonge, hewa ikawa kama soko lisilo na mnadi mmoja.

Mwaka 1996 Marekani ilipoanzisha redio za familia, ilitumia busara nyingine: nusu wati tu, na antena isiyong'oka. Mwaka 1998 Ulaya nayo ikakubaliana juu ya megahezi 446, kwa nusu wati ile ile. Sauti hufika kilometa chache ikafa, na mbele yake familia nyingine hutumia chaneli hiyo hiyo bila ugomvi. Ni mwaka 2017 tu Marekani ilipoongeza hadi wati 2 katika baadhi ya chaneli.

Kwa maoni yangu, leseni haikufutwa kabisa. Ilitolewa kwenye karatasi ikatiwa ndani ya chombo. Na kila upande umetia yake: redio ya familia ya Marekani haina ruhusa Ulaya, wala ya Ulaya haina ruhusa Marekani. Basi ndugu yako wa ng'ambo akikuletea jozi, iulize kwanza mamlaka ya mawasiliano ya nchi yako.

Atakaye kusema bila kuomba ruhusa, na akubali kusikika karibu.