Wati Kumi na Mbili Juu ya Mabati

Historia ya umeme wa jua nchini Kenya husimuliwa mara nyingi kama historia ya wafadhili na wahandisi: nani alileta paneli ya kwanza, mradi gani ukafuata, fedha zilitoka mfuko upi. Mnunuzi wa kijijini hutokea mwishoni mwa masimulizi hayo, na akitokea huwa ni mtu wa kuelimishwa: kanunua paneli ndogo mno, kaiunganisha na betri ya gari, na kidhibiti chaji hakukitaka kwa sababu kiliongeza gharama. Mimi naona mambo kinyume. Maelfu ya familia za walimu, wakulima na wenye maduka walionunua paneli ya wati 10 au 12, ilhali wataalamu waliwashauri wanunue ya 40 au 50, ndio waliolijenga soko la sola la Kenya, na hesabu yao ilikuwa sahihi kuliko ilivyodhaniwa. Kasoro zilikuwepo, tena si ndogo. Ila nyingi zilitoka kwa waliouza na kwa waliopaswa kukagua.

Tangu mwanzo, paneli haikuwa kifaa cha kushindana na nyaya za umeme. Maabara ya Bell nchini Marekani ilionyesha seli ya kwanza ya silikoni yenye manufaa mwaka 1954, ikigeuza takriban asilimia 6 ya mwanga kuwa umeme, na miaka minne baadaye seli za aina hiyo zilikuwa angani kwenye setilaiti ya Vanguard 1. Bei yake haikumruhusu mtu wa kawaida hata kuuliza. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Elliot Berman, akitumia fedha za kampuni ya mafuta ya Exxon, aliishusha kutoka takriban dola 100 kwa wati hadi kama dola 20, na wateja wake wa kwanza wakawa wenye majukwaa ya mafuta na maboya ya kuongozea meli katika Ghuba ya Mexico. Hao hawakuuliza umeme wa gridi unauzwaje. Waliuliza inagharimu kiasi gani kupeleka mashua baharini ili kubadilisha betri. Mpaka leo mwenye mashua au gari la kulala safarini hufanya hesabu hiyo, na ndiyo aliyoifanya mkulima wa kahawa wa Meru, ingawa hakuwahi kuliona boya.

Meru inatajwa kwa sababu ndipo mambo yalipoanzia. Katikati ya miaka ya 1980 mhandisi Mmarekani Harold Burris alikuwa akiendesha huko biashara ndogo aliyoiita Solar Shamba. Mwalimu wa kujitolea, Mark Hankins, alikuwa akifundisha katika shule ya harambee ya Karamugi, ambayo ilikuwa ikiwaza kununua jenereta ya dizeli. Shule ikafungiwa sola, mafundi wa hapohapo wakafunzwa kazi, na muda si muda walimu wakaanza kuitaka majumbani kwao. Wakati huohuo ukame wa Brazil wa mwaka 1985 ulikuwa umepandisha bei ya kahawa duniani, kwa hiyo miteremko ya Mlima Kenya ilikuwa na fedha mkononi. Fedha zilikuwepo, fundi alikuwepo, na matangazo ya televisheni yalikuwa yakifika. Stima peke yake ndiyo haikufika. Nguzo zilipita barabarani kuelekea mjini, na wenye nyumba zilizokuwa kilomita mbili tu kutoka hapo hawakuwa na tumaini la kuunganishwa.

Jambo ambalo ripoti nyingi hulipita upesi ni kwamba katika nyumba nyingi paneli haikuwa kitu cha kwanza kununuliwa. Kilichotangulia ni televisheni ya inchi 14, nyeusi na nyeupe, iliyoweza kutumia umeme wa volti 12, pamoja na betri ya gari. Betri ilipoisha ilifungwa kwenye kibebeo cha baiskeli, kilo 15 hivi za risasi na tindikali, ikapelekwa sokoni kuchajiwa, ikaachwa huko siku nzima au zaidi, kisha ikarudishwa. Mwenye nyumba alilipa ada ya kuchaji, akalipa nauli ikiwa baiskeli haikuwepo, na jioni zile betri ilipokuwa mjini akakosa taarifa ya habari na kipindi cha vichekesho cha Vitimbi. Hivyo paneli iliingia katika nyumba iliyokuwa tayari inatumia umeme na inajua kwa shilingi kila chaji ina bei gani. Mnunuzi huyo hakuota juu ya nishati ya kesho. Alikuwa akipunguza safari za sokoni.

Tuitazame hesabu yenyewe. Paneli ya wati 12, kwa saa tano za jua kali, hutoa takriban wati-saa 60. Ukiondoa unaopotea kwenye nyaya na ndani ya betri, hubaki kama 40. Televisheni ya wati 15 itawaka saa mbili, na kitakachobaki kitawasha taa ndogo ya mrija kwa saa moja hivi. Hapo ndipo mtaalamu alipopinga: betri ya ampea-saa 50 inabeba wati-saa 600, kwa hiyo paneli kama hiyo ingehitaji zaidi ya siku kumi kuijaza hata kama hakuna anayewasha kitu, na betri isiyojaa kamwe hujengeka ukoko wa salfeti kwenye bamba zake na kufa mapema. Kisayansi pingamizi hilo halina dosari. Linakosea kwa kudhani kwamba paneli ilikuwa chanzo pekee cha umeme. Safari ya sokoni haikufutwa. Ilisogezwa mbele tu, na huko ndiko betri ilikojazwa sawasawa. Isitoshe, betri ile ingekufa mapema hata bila paneli, kwani ilikuwa ikitumiwa hadi tone la mwisho kabla ya kubebwa. Hata uamuzi wa kuacha kidhibiti chaji unaeleweka tukiutazama hivyo: hatari ya wati 12 kuchemsha betri ya ampea-saa 50 ilikuwa ndogo sana, na ile ya kuimaliza kabisa mwenye nyumba aliijua tangu zamani, kwa kuona picha ya televisheni ikianza kujikunja pembeni.

Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ulivunjika Julai 1989 na bei ikaporomoka. Kama sola ingekuwa anasa ya msimu wa neema tu, biashara hiyo ingezikwa pamoja na kahawa. Haikuzikwa, kwa sababu karibu na wakati huo zilikuwa zikiingia madukani paneli za aina nyingine, za silikoni amofasi, zilizotengenezwa kwa kupaka utando mwembamba kwenye kioo badala ya kukata vipande vya fuwele. Zilikuwa ndogo, za bei nafuu, na ziliuzwa taslimu kwenye duka lilelile la redio na nyaya. Mwenye uwezo wa moja alinunua moja, na akipata tena aliongeza ya pili. Sioni kosa hapo. Vivyo hivyo ndivyo watu wanavyojenga nyumba.

Pingamizi zito zaidi ni la ubora. Mwaka 1999 watafiti, wakiwemo Arne Jacobson, Richard Duke na Daniel Kammen, walipima paneli za amofasi zilizokuwa zikitumika majumbani Kenya. Walikuta chapa zinazotoa umeme unaokaribia ulioandikwa mgongoni na nyingine zilizo chini mno. Vipimo vya mwaka 2004 na 2005 vilikuta tena paneli duni zikiuzwa. Sehemu ya tatizo ni tabia ya malighafi yenyewe, iliyoelezwa na Staebler na Wronski mwaka 1977: silikoni amofasi inapoanza kukaa juani hupoteza asilimia 10 hadi 30 ya nguvu zake, ndipo itulie. Muuzaji mwaminifu huandika wati za baada ya kutulia. Asiye mwaminifu huandika za siku ya kwanza, au chochote kinachomfaa. Kuna waliotumia matokeo hayo kuonyesha kwamba mkulima alichagua vibaya. Lakini angejuaje? Paneli ya wati 12 ikielekezwa juani saa sita mchana inapaswa kusukuma karibu ampea 0.7, na fundi mwenye mita angeliona hilo kwa dakika moja. Dukani, mnunuzi alipewa kibandiko tu asome. Vilevile, chapa nzuri na mbovu zilikuwa za teknolojia moja na ukubwa mmoja, kwa hiyo udogo hauwezi kulaumiwa. Aliyestahili lawama ni mkaguzi ambaye hakuwepo. Kanuni za serikali za kuwapa leseni mafundi na wauzaji wa sola zilitoka mwaka 2012, soko likiwa na zaidi ya robo karne.

Jacobson alionyesha pia kwamba sehemu kubwa ya umeme huo ilikwenda kwenye televisheni, kwamba saa za watoto kusoma zilipata kidogo, na kwamba wenye sola wengi walikuwa tabaka la kati la vijijini. Nakubaliana naye kuhusu tabaka. Kibarua wa chai asiye na ardhi hakununua paneli, na asiyekubali hilo anaipamba historia. Lakini televisheni kuitwa matumizi mabaya ni kipimo kilichotoka nje ya nyumba ile. Mtu wa Nairobi hakuulizwa kama stima yake inazalisha mali.

Inabaki hoja kwamba bila wageni hakuna ambacho kingeanza. Ni kweli, Burris na Hankins walianzisha. Hata hivyo, mwaka 1998 Shirika la Fedha la Kimataifa lilizindua mpango wa mikopo ya sola ulioihusu Kenya, na miaka mingi ikapita mikopo ikitoka kwa shida, ilhali paneli ndogo zilikuwa zikinunuliwa taslimu bila kusubiri benki. Kampuni ya M-KOPA ilipoanza kuuza sola kwa malipo ya kila siku kupitia M-Pesa mwaka 2012, paneli yake ilikuwa chini ya wati 10. Taa za LED zilikuwa zimeshafanya wati chache zitoshe, na ule ukubwa uliobezwa kwa miaka 20 ukawa bidhaa ya kutolewa mfano.

Kuna pingamizi moja ambalo sina jibu lake kamili. Betri zilizokufa baada ya mwaka mmoja au miwili zilikuwa za risasi, na gharama ya risasi hiyo haikuwemo katika hesabu ya mtu yeyote niliyemtaja, awe mnunuzi, muuzaji au mtaalamu. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia wakazi sumu ya risasi, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Betri zilizopitia huko zilitoka kila mahali, nyingi kwenye magari, na hakuna anayeweza kutenga zile zilizowahi kuunganishwa na paneli. Hilo halimwondolei lawama anayesifu hesabu ya mnunuzi, mimi nikiwemo, kwa sababu hesabu hiyo iliishia pale betri ilipouzwa kwa mwenye mkokoteni wa vyuma chakavu.