Kimani Maruge: Mzee aliyekataa kuacha shule

Kimani Ng'ang'a Maruge wa Kenya hakuwa na cheti cha kuzaliwa, lakini aliamini kwamba alizaliwa mwaka 1920. Aliingia darasa la kwanza mwezi Januari mwaka 2004, akiwa na umri wa miaka 84.

Kumbukumbu za Dunia za Guinness zilimtambua kuwa mtu mwenye umri mkubwa zaidi kuwahi kuanza shule ya msingi.

Sehemu ya maisha yake isiyotajwa sana ni ile ya mwaka 2008. Ghasia zilimpokonya mali na makazi yake, lakini hakuacha kwenda shule.

Elimu bila malipo

Maruge hakupata nafasi ya kusoma utotoni. Katika miaka ya 1950 alikuwa mpiganaji wa Mau Mau, vuguvugu lililopigana na utawala wa kikoloni wa Uingereza.

Mwezi Januari mwaka 2003, serikali mpya ya Rais Mwai Kibaki ilifuta karo katika shule za msingi za umma. Zaidi ya watoto milioni moja ambao hawakuwa shuleni walijitokeza kuandikishwa.

Mwaka uliofuata Maruge naye alifika katika shule ya msingi ya Kapkenduiyo, mjini Eldoret. Wakati huo alikuwa mjane mwenye wajukuu 30, na wawili kati yao walikuwa wanafunzi wa shule hiyo hiyo.

Mwalimu mkuu, Jane Obinchu, alimpokea. Mzee huyo akavaa sare ya shule, kaptula na soksi ndefu, akaketi na watoto waliokuwa na umri wa vitukuu vyake.

Sababu zake zilikuwa wazi. Alitaka kuisoma Biblia mwenyewe badala ya kutegemea maelezo ya wahubiri, na alitaka kujua kuhesabu fedha zake bila ya kusaidiwa na mtu.

Kwa mzee asiyejua kusoma, kila barua na kila risiti humlazimu kumwamini mtu mwingine. Maruge alikwenda shule ili kuuondoa utegemezi huo.

Mwaka 2005 alichaguliwa kuwa kiranja mkuu. Mwezi Septemba mwaka huo alipanda ndege kwa mara ya kwanza maishani, akaenda New York wakati wa mkutano wa viongozi wa dunia katika Umoja wa Mataifa, kuzungumzia umuhimu wa elimu ya msingi bila malipo.

Ghasia za uchaguzi

Wakenya walipiga kura tarehe 27 Desemba mwaka 2007. Matokeo yaliyompa ushindi Rais Kibaki yalipingwa na kambi ya Raila Odinga, na ghasia zikazuka katika maeneo mengi ya nchi.

Zaidi ya watu 1,100 waliuawa na mamia kwa maelfu wakayahama makazi yao. Eneo la Eldoret ni miongoni mwa yaliyoathirika vibaya. Tarehe 1 Januari mwaka 2008, kanisa lililokuwa limejaa watu waliokimbia mapigano lilichomwa moto huko Kiambaa, karibu na mji huo.

Mali ya Maruge iliibwa, naye akajikuta katika kambi ya wakimbizi wa ndani, umbali wa kilomita nne hivi kutoka shuleni. Alifikiria kuacha masomo. Hata hivyo, aliendelea kuhudhuria darasani kutoka kambini.

Makubaliano ya kugawana madaraka yalitiwa saini tarehe 28 Februari mwaka 2008, kwa upatanishi wa Kofi Annan. Kwa waliokuwa kambini, amani hiyo haikumaanisha kurejea nyumbani mara moja.

Mwezi Juni mwaka huo Maruge alihamia katika makao ya wazee mjini Nairobi. Muda mfupi baadaye alijiandikisha katika darasa la sita la shule ya msingi ya Marura, mtaa wa Kariobangi.

Mwisho wa safari

Mwezi Mei mwaka 2009 alibatizwa na kupewa jina la Stephen. Alifariki dunia tarehe 14 Agosti mwaka huo, kwa ugonjwa wa saratani ya tumbo, kabla ya kufikia mtihani wa darasa la nane. Alizikwa Subukia.

Miaka minne baadaye, mwezi Juni mwaka 2013, serikali ya Uingereza ilieleza kusikitishwa kwake na mateso waliyotendewa Wakenya wakati wa vita vya Mau Mau. Ilikubali kulipa paundi milioni 19.9 kwa walalamikaji 5,228.

Maisha yake yalitengenezewa filamu ya The First Grader, iliyotolewa mwaka 2010, ambamo mwigizaji Mkenya Oliver Litondo alicheza nafasi yake.

Katika eneo hilo hilo la Bonde la Ufa, mkunga Priscilla Sitienei, aliyejulikana kwa jina la Gogo, naye alijiunga na shule ya msingi uzeeni. Alifariki mwezi Novemba mwaka 2022 akiwa na umri wa miaka 99, na kama Maruge, alikuwa bado ni mwanafunzi.