Maombi mawili, salio moja: jinsi ya kuipanga SPIN ili igundue hitilafu za programu

Siku ya soko Ngaramtoni, watu wengi hutuma na kutoa pesa kwa simu kwa wakati mmoja. Tangu M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008 tumezoea huduma hizi, na sasa hata vikundi vya kuweka na kukopa vinaweza kutengenezewa programu zao. Swali ambalo mtengenezaji anapaswa kulijibu mapema ni hili: maombi mawili yakifika pamoja kwenye akaunti moja, nini kitatokea?

Hitilafu inavyotokea

Tuchukue kikundi chenye shilingi 100,000. Mweka hazina na katibu wanaomba kutoa shilingi 80,000 kila mmoja, kwa wakati mmoja. Kila ombi lina hatua 3: kusoma salio, kuangalia kama linatosha, kisha kulipa na kuandika salio jipya.

Hatua hizo 6 zinaweza kupishana kwa njia 20. Njia 2 tu ndizo salama, zile ambazo ombi moja linamalizika kabla jingine halijaanza. Katika njia 18 zilizobaki wote wawili wanasoma 100,000 na wote wanalipwa.

Majaribio ya kawaida huipita hitilafu hii kwa sababu anayejaribu hubonyeza kitufe kimoja, akasubiri, kisha akabonyeza kingine. Kila mara anaangukia zile njia 2 salama.

Kupanga zana

SPIN ni programu iliyoanzishwa na Gerard Holzmann katika maabara za Bell, Marekani, na tangu 1991 inapatikana bila malipo. Haibahatishi: hupitia mipishano yote ya modeli unayoipa.

Kwanza, andika modeli fupi kwa lugha yake, Promela. Kila ombi liwe mchakato wake, na hatua zile 3 zibaki mbalimbali. Ukiziunganisha ziwe hatua moja, umeificha hitilafu unayoitafuta. Tumia namba ndogo, 100 na 80, na anza na michakato 2. Ikiwa 3, njia 20 zinakuwa 1,680.

Pili, andika sharti. Hapa ndipo wengi hukwama. Ukiandika "salio lisishuke chini ya sifuri", SPIN itasema hakuna kosa, nayo itakuwa sahihi: kila ombi linaandika 20, kwa hiyo salio la mwisho ni 20. Kumbe zimetoka 160! Sharti linalofaa ni hili: maombi yote yakimalizika, salio pamoja na pesa zilizotoka lazima viwe 100.

Tatu, endesha amri hizi kwa mfuatano:

spin -a kikoba.pml
gcc -o pan pan.c
./pan

Ikipata kosa, huhifadhi njia iliyolifikia. Amri ya spin -t -p kikoba.pml itakuonyesha njia hiyo hatua kwa hatua. Ikionya kwamba kina cha utafutaji hakitoshi, ongeza kwa -m, kwa mfano ./pan -m100000. Usiyaamini matokeo yenye onyo hilo, kwani kuna njia ambazo hazikukaguliwa.

Baada ya kurekebisha

Dawa ni kufunga salio tangu linaposomwa hadi linapoandikwa, ili ombi la pili lisubiri. Weka kufuli hilo kwenye modeli, kagua tena, kisha hakikisha lipo pia kwenye programu yenyewe. SPIN hukagua modeli uliyoandika, si programu inayotumiwa na wanakikundi.

Hitilafu za aina hii haziishii kwenye pesa. Kati ya 1985 na 1987, mashine ya tiba ya mionzi ya Therac-25 iliwapa wagonjwa 6 nchini Marekani na Kanada mionzi kupita kiasi, na baadhi yao walifariki. Michakato kupishana vibaya ilikuwa miongoni mwa sababu. Kwa kikundi chetu, hasara ni shilingi 80,000 za wanachama, na daftari la mwisho litaonyesha salio linaloonekana halali kabisa.