Barua pepe iliyotumwa kwa makosa: inaweza kurudishwa?

Barua ya karatasi ilimpa mtu nafasi ya kuwaza: kuikunja, kutafuta bahasha, kungoja mtu anayesafiri. Barua pepe haitoi nafasi hiyo. Kufinya mara moja tu, na maneno ya hasira yamefika kwa patron. Kuna ubaya zaidi: orodha ya watu waliotoa ushuhuda kufika kwa mtu asiyepaswa kuiona. Hapo maisha ya watu yanaweza kuwa hatarini.

Juu ya hiyo, watengenezaji wa programu wameweka vizuizi mbalimbali.

Mwaka 2008 mhandisi wa Google, Jon Perlow, alitengeneza Mail Goggles ndani ya Gmail. Usiku wa wikendi, programu hiyo ilimuomba mtu afanye hesabu chache rahisi mbele ya kutuma, ili ionekane kama kichwa chake kiko sawasawa. Leo haipo tena.

Kilichobaki ni neno «Annuler», linaloonekana mara tu barua inapotumwa. Lilianza kwa majaribio mwaka 2009, likawa la kila mtu mwaka 2015. Wengi wanawaza kama Gmail inakimbia kuirudisha barua. Hapana. Inaichelewesha tu: sekunde 5, 10, 20 ama 30. Sekunde hizo zikiisha, barua imeenda, na hakuna wa kuirudisha. Kwa kuongeza muda, mtu anafungua Gmail kwenye kompyuta, anaingia katika «Paramètres», anachagua sekunde 30.

Outlook ina njia ya kuirudisha barua, lakini inafaa tu kama mtumaji na mpokeaji wako ndani ya shirika moja. Barua ikienda kwa mtu wa nje, haina nguvu. Outlook ya kompyuta inaweza pia kupewa amri ya kungoja hadi dakika 120 mbele ya kutuma kila barua.

WhatsApp nayo, tangu mwaka 2017, inaruhusu kufuta ujumbe kwa wote. Mwanzoni muda ulikuwa dakika 7. Tangu 2022 unapita siku mbili. Lakini alama inabaki kuonyesha kama kuna kitu kilifutwa, na aliyekwisha kusoma ama kupiga picha ya ekrani hawezi kusahaulishwa.

Basi kinga kubwa iko mikononi mwa mwandishi mwenyewe:

– Andika barua kwanza, adresi ya mwisho. Barua isiyo na adresi haiwezi kuondoka.
– Ukiandikia watu wengi wasiojuana, weka adresi zao kwenye «Cci», si «Cc», ili wasionane.
– Mbele ya «Répondre à tous», hesabu ni nani watasoma.
– Majina ya wagonjwa ao mashahidi yasiwekwe ndani ya barua kama si lazima.
– Ukiwa na hasira, acha barua kwenye «Brouillons» mpaka asubuhi.