Tour de France na gazeti lililouawa

Tour de France wengi mnaijua kwa jezi ya njano, na tangu 2024 kwa Biniam Girmay, yule jamaa wa Eritrea aliyeshinda hatua tatu na kuondoka na jezi ya kijani. Safi sana. Ila kwa sisi tunaosomea ualimu wa Historia, utamu wenyewe uko nyuma zaidi: mbio hizi zilianzishwa na gazeti moja ili kulimaliza gazeti lingine.

Turudi 1894. Kapteni Alfred Dreyfus, Myahudi katika jeshi la Ufaransa, alihukumiwa kwamba amewapa Wajerumani siri za jeshi. Hakuwa na hatia. Akapelekwa kufungwa Kisiwa cha Shetani, kule Amerika ya Kusini, na Wafaransa wakagawanyika pande mbili, mpaka ndugu wakawa hawasalimiani.

Sasa, gazeti kubwa la michezo lilikuwa Le Vélo, lililochapishwa kwenye karatasi za kijani. Mhariri wake, Pierre Giffard, alimtetea Dreyfus. Tatizo ni kwamba baadhi ya matajiri wa magari na baiskeli waliompa matangazo walikuwa upande wa pili. Juni 1899 Rais Émile Loubet alishambuliwa kwa fimbo kwenye mbio za farasi pale Auteuil, na kati ya waliokamatwa kwenye vurugu zile alikuwemo Jules-Albert de Dion, mtengeneza magari. Giffard akamsema gazetini. De Dion akakasirika, akaondoa matangazo yake, na mwaka 1900 yeye na wenzake, akiwemo Édouard Michelin wa matairi, wakaanzisha gazeti lao: L'Auto-Vélo, karatasi za njano, mhariri Henri Desgrange.

Likadoda. Halafu Januari 1903 mahakama ikawaamuru waondoe "Vélo" kwenye jina. Neno hilo kwa Kifaransa ni baiskeli, kwa hiyo hebu fikiria, unataka kuwauzia wapenzi wa baiskeli gazeti linaloitwa "Gari"! Bahati yao, Novemba 1902, wakiwa kwenye chakula cha mchana, kijana wa ofisini kwao Géo Lefèvre alikuwa ameshatoa wazo: tuwazungushe watu Ufaransa nzima kwa baiskeli, hatua kwa hatua.

Tarehe 1 Julai 1903 wakaondoka watu 60. Kilomita 2,428 kwa hatua 6 tu (siku hizi ni 21). Hatua ya kwanza, Paris mpaka Lyon, ilikuwa kilomita 467, na mshindi Maurice Garin alitumia zaidi ya saa 17, usiku kucha kwenye vumbi. Waliomaliza mbio zote ni 21. Garin, ambaye utotoni alikuwa akisafisha mabomba ya moshi, alimwacha wa pili kwa karibu saa 3, na mpaka leo hakuna aliyeshinda kwa tofauti kubwa kama hiyo.

Lakini Desgrange alikuwa anahesabu nakala. Kutoka kama 25,000 kwa siku zikapanda mpaka 65,000. Mwaka 1904 Le Vélo likafungwa. (Mwaka huohuo washindi wanne wa kwanza wa Tour, Garin akiwemo, walifutwa kwa udanganyifu. Hiyo nayo inataka siku yake.)

Hadithi hii mara nyingi inaanzia kwenye kile chakula cha mchana. Mimi naona huko ni kuanzia katikati. Ukianzia hapo, Giffard haonekani kabisa, na kosa lake lilikuwa kusimama na mtu aliyeonewa.

Baadaye Desgrange alimchukua Giffard aandike kwenye L'Auto. Sijui waliangaliana vipi asubuhi ya kwanza. Dreyfus alisafishwa na mahakama tarehe 12 Julai 1906. Wiki hiyo Tour ya 4 ilikuwa barabarani.