Chachu Hai, si Vitetea-Uhai

Kikaratasi kimoja wanachopewa wafugaji wa tilapia hapa Bujumbura kinawahimiza wachanganye “vitetea-uhai” kwenye chakula cha samaki. Mtunzi amelipasua neno probiotiki vipande viwili, pro ya “kwa ajili ya” na bios ya “uhai”, akaviunga kwa kistari, akaridhika.

Lakini neno lenyewe halikutulia na maana moja. Mwaka 1965 watafiti Lilly na Stillwell walilitumia kwa vitu vinavyotolewa na kijiumbe kimoja na kuchochea kukua kwa kingine. Mwaka 1989 mtafiti Fuller akavipa jina hilo vijiumbe hai vinavyotiwa katika chakula cha mifugo ili kuweka sawa hali ya utumbo. Mwaka 2001 mashirika ya FAO na WHO yakapanua: vijiumbe hai ambavyo, vikitolewa kwa kiasi cha kutosha, humnufaisha mwenyeji wake kiafya. Anayefasiri mzizi wa Kigiriki anabisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa.

Wengine, na wanajijua, wanang’ang’ania “vijidudu rafiki”. Mkazi wa mtaa wa Buyenzi hapa Bujumbura akisikia vijidudu hukumbuka kipindupindu. Utamwambiaje anunue?

Mimi nasema chachu hai. Niliwahi kulipeleka kwenye kikao cha istilahi, nikajibiwa kuwa lina harufu ya jikoni. Linayo, na ndiyo sifa yake! Kitenzi chacha kimezaa chachu, uchachu na chachusha. Unga uliolowekwa huchacha, bahari nayo huchacha mawimbi yakapanda. Kote mna kilichotulia kikaamshwa na nguvu iliyomo ndani. Mpinzani atasema wali uliochacha hutupwa. Maziwa ya mgando je, hutupwa? Na bakteria wa jamii ya Lactobacillus, walewale wa maziwa, ndio hulishwa samaki. Hata hamira ya mkate, Saccharomyces cerevisiae, hulishwa tilapia kwa kazi hiyohiyo. Bacillus si bakteria wa maziwa ya mgando, najua, ila naye humeng’enya chakula na kuwabana bakteria waharibifu utumboni, tena huvunja uchafu wa bwawa. Neno hai nalo si pambo: vijiumbe vikifa, umenunua unga mtupu. Isitoshe, ukiweka chachu hai kando ya viuavijasumu, mfugaji anaona papo hapo kwamba moja hupandikiza na vingine huua.

Maelezo ya matumizi ni mafupi: chachu hai itiwe kwenye chakula kisicho cha moto au majini, kwa kipimo cha pakiti, isichanganywe na viuavijasumu, na bwawa lililosongamana samaki haitaliokoa.

Wauza chakula cha samaki wa Bujumbura, ambao mifuko yenu imeandikwa Kifaransa kitupu, andikeni chachu hai kuanzia shehena ijayo. Msingoje kikao.